Ubao wa kwanza wa mawimbini: anza na lita

Mtu akiniuliza anunue ubao gani wa kwanza, mimi namuuliza ana kilo ngapi. Wengi hukunja uso, hasa wanawake wenzangu, maana walitegemea niulize rangi, au kampuni, au mfukoni kuna nini. Mambo ya mfuko tutayafikia. Lakini bahari haisomi jina la kampuni. Inachojua ni uzito wako na ukubwa wa kile ulichokilalia.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kazi ndiyo iliyonileta Cape Town, na nakaa Wynberg. Kuteleza mawimbini nimejifunzia Muizenberg, kwenye ghuba ya False Bay, vituo kadhaa kusini mwa kwetu kwa treni. Ukishuka stesheni unavuka barabara na bahari hiyo hapo mbele yako, pamoja na vile vibanda vya mbao vya kubadilishia nguo vilivyopakwa nyekundu, njano, buluu na kijani ambavyo kila mgeni hupigia picha. Pembe ile wanaiita Surfers' Corner. Wanaoanza hukimbilia pale kwa sababu mchanga wake unashuka taratibu mno: unatembea mbali ndani na maji bado yako kifuani. Wimbi likipita juu ya sakafu ya namna hiyo halianguki kwa kishindo. Linaporomoka kidogokidogo kutoka kichwani, linageuka povu, na povu hilo linakusukuma mpaka kwa watoto wanaojenga nyumba za mchanga.

Nimeanza na wimbi kwa makusudi, kwa sababu ubao huchaguliwa kufuatana na wimbi utakalolipanda, na wimbi la anayeanza ni dogo na halina haraka. Hapo ndipo watu hunishangaa. Wanadhani wimbi dogo linataka ubao mdogo. Ni kinyume chake kabisa.

Wimbi likifika penye kina cha mita 1 linakwenda kama mita 3 kwa sekunde, karibu kilomita 11 kwa saa. Anayejifunza, hata akipiga mikono kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, hafiki mwendo huo. Pengo lililobaki huzibwa na vitu viwili: mteremko wa wimbi lenyewe na ubao. Mteremko wa Muizenberg ni wa upole, hautoi msaada mkubwa. Kwa hiyo ubao ndio wenye kazi. Lazima uelee juu, uwe mrefu, uanze kuteleza mapema kabla wimbi halijakupita. Ubao mfupi na mwembamba unamzamisha mwanafunzi mpaka kifuani. Anapiga mikono, maji yanamshika, wimbi linapita chini yake na kwenda zake. Mtu anarudi nyumbani mabega yanauma na hajasimama hata mara moja. Nimewaona wanaume wenye misuli yao, wacheza mpira, wakitoka majini na kusema mchezo huu una wenyewe. Hauna wenyewe. Walipewa ubao usiowabeba, na inaniuma kila ninapomwona mwingine akiondoka hivyo, kwa sababu huyo harudi tena.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Lita moja ya maji ina kilo moja, na ya bahari inazidi kidogo kwa ajili ya chumvi. Kitu ukikisukumia chini ya maji, maji nayo yanakisukuma juu kwa uzito uleule wa maji yaliyoondolewa. Ubao wangu una ujazo wa lita 84, kwa hiyo ukizamishwa wote unaweza kubeba kama kilo 86. Toa kilo 6 za ubao wenyewe, zinabaki 80. Mimi nina kilo 68, na suti yangu ya mpira ikilowa naikadiria kilo 3. Jumla 71. Nimebaki na akiba ya kilo 9, na akiba hiyo ndiyo inayoniweka juu ya maji nikilala kifudifudi, mikono yangu ikashughulika na kwenda mbele tu.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa watu ni hii: lita zisiwe chini ya kilo zako hata siku moja, na kwa ubao wa kwanza ongeza sehemu ya tano juu yake. Wa kilo 60 atafute lita 72 au zaidi. Wa kilo 80, lita 96. Mtu mzima asiogope namba kubwa. Hakuna anayeanza niliyewahi kumsikia akilalamika kwamba ubao wake unaelea kupita kiasi. Wanaolalamikia ukubwa ni wale waliokwisha kujua kugeuka, na hao hawaniulizi mimi.

Lita huandikwa upande wa chini au wa juu, mara nyingi karibu na mkia, pamoja na urefu, upana na unene. Wangu umeandikwa futi 8, upana inchi 22 na nusu, unene inchi 3 na robo. Mbao nyingi za zamani hazina namba ya lita. Hapo chukua futi kamba upime mwenyewe: kwa mtu mzima nisingeshuka chini ya futi 8, wala upana wa chini ya inchi 22. Watu huuliza urefu wakasahau upana, na upana ndio utulivu. Ubao mwembamba ukikosea kuweka mguu kidogo tu unalala ubavu, kama ngalawa iliyong'olewa matengo. Mpana unakupa nafasi ya kurekebisha.

Sasa, sponji au faiba? Kwa ubao wa kwanza nasema sponji, na sina shaka hata kidogo. Ubao wa sponji ndani una povu jepesi jeupe kama lile linalofungiwa televisheni mpya, na ndani ya povu hilo vijiti vya mbao vimelala kwa urefu kuupa uti. Juu una ngozi laini unayoweza kuibonyeza kwa kidole, chini ngozi ya plastiki ngumu inayoteleza. Ukikupiga kichwani unaumia kidogo. Wa faiba ukikupiga unashonwa nyuzi. Na utakupiga tu, wewe au jirani yako, kwa kuwa Muizenberg ikijaa siku ya Jumapili mnakuwa mmebanana majini, kila mtu anaanguka kivyake. Mapezi yake, yale yanayochomoza chini mkiani, nayo yawe ya plastiki inayopinda. Nilimwona kijana akichanwa paja na pezi gumu la ubao wake mwenyewe, na tangu siku hiyo mapezi ndiyo naanza kuyashika kwa mkono kabla ya kitu kingine.

Kabla ya kununua, kodisha. Maduka yamejipanga ng'ambo ya barabara, yanakodisha kwa saa, na hakuna anayekukataza kurudi kubadilisha. Mimi nilijaribu wa futi 9, wa 8 na wa 7. Wa 9 ulikuwa unanyanyuka na wimbi mapema kuliko yote, raha tupu, lakini ulinishinda kuubeba, na upepo wa kusini-mashariki ukivuma unageuka tanga. Kusini-mashariki ya hapa si ya kuchezea. Wakati wa kiangazi inavuma siku kadhaa mfululizo, na Muizenberg inatoka baharini moja kwa moja na kuvuruga mawimbi. Wa 7 niliweza kuuelekeza, ila mawimbi ya kiunoni yaliuacha. Wa 8 ulishika karibu kila wimbi nililolitaka na niliweza kuubeba mwenyewe kutoka stesheni. Hilo la kubeba mwenyewe lina uzito kwangu kuliko watu wanavyodhani. Sina gari. Ubao usioweza kuufikisha majini bila kumsumbua mtu utaishia ukutani.

Naubeba kichwani. Nasokota kanga nafanya kata, naweka ubao juu chali, mkono mmoja unashika ukingo, mkono mwingine uko huru kushika tiketi na mtungi wa chai. Vijana wa pale wanabeba kwapani na kubadilisha upande kila baada ya hatua chache. Mama yangu alibeba kuni na ndoo hivyo, na bibi yangu kabla yake, na sioni sababu ya kuteseka kwapani wakati kichwa kipo. Kwenye treni naingia saa ambazo si za watu wa kazini, nasimama mwisho wa behewa, ubao umesimama pembeni yangu, mkia chini juu ya kandambili ili usichubuke.

Nilinunua uliotumika. Mpya unapendeza, lakini ubao wa sponji wa dukani na uliotumika mwaka mmoja vizuri hufanya kazi ileile, na fedha iliyobaki ilininunulia suti. Muuzaji alikuwa mwanafunzi wa chuo, anahama, nyumba yao Plumstead. Nilikwenda na mizani ya bafuni kwenye mfuko. "Anti, unapima ubao?" aliniuliza, akacheka kwa adabu, kisha akanisaidia kuushika. Ndiyo, napima, kwa sababu sponji iliyonywa maji haionekani kwa macho. Ubao wa futi 8 unaotakiwa kuwa na kilo 6 ukisoma 8, hizo kilo mbili ni maji yaliyoingia kwenye povu na hayatatoka. Nilipanda mizani peke yangu, nikapanda nikiwa nimeukumbatia, nikatoa. Ulikuwa sawa.

Kisha nikaulaza chali juu ya nyasi na kuupitishia kiganja polepole kutoka pua mpaka mkia. Unachokitafuta ni mkunjo unaokatiza upande wa chini, kwa kawaida katikati au pale miguu inapotua. Mkunjo mwembamba kama wa karatasi iliyokunjwa na kunyooshwa maana yake vijiti vya ndani vimevunjika. Ubao huo utapinda kila ukisimama juu yake na kukunyima mwendo. Nikaugeuza, nikabonyeza ngozi ya juu kila baada ya shubiri moja. Ikiwa inabonyea na kurudi, ni nzima. Ikiwa inacheza chini ya kidole, inateleza huku na huku, imebanduka kutoka kwenye povu, na mara nyingi ni jua lililofanya hivyo. Ukingoni, pale ngozi mbili zinapokutana, nilijaribu kuingiza ukucha. Haukuingia. Nikafungua na kukaza skrubu za mapezi. Mwisho nikavuta kamba ya mguu, ile inayokufunga na ubao, kwa nguvu, mwanafunzi wa watu ameshika ubao upande wa pili, tukavutana pale bustanini. Kamba ilikuwa na jeraha karibu na mkanda wa kifundo, kwa hiyo akanipunguzia bei nami nikanunua mpya. Kamba ya mguu usinunue iliyotumika, na urefu wake uwe sawa na wa ubao au uzidi kidogo. Nililipa randi 2,200 na kurudi nao Wynberg kwa treni, furaha imenijaa, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Binamu yangu anakaa Malindi. Alinitumia picha kwenye simu, ubao mzuri wa faiba, mweupe, pua imechongoka, futi 6. "Dada, mzungu anaondoka, anauza bei ya kutupa, nichukue?" Binamu ana kilo 78. Nikamwambia apige picha ya zile namba ndogo karibu na uti. Lita 28. Nikampigia simu, maana mambo mengine hayaandikwi. Nilimweleza kwamba ubao ule ni wa mtu anayejua, kwenye wimbi lenye kasi na mteremko mkali, na wimbi la aina hiyo ukilikuta pwani yetu liko juu ya mwamba, chini kuna matumbawe na wale wadudu weusi wenye miiba. Si mahali pa kujifunza kuanguka.

Malindi yenyewe ina bahati. Sehemu kubwa ya pwani yetu, miamba huvunja mawimbi mbali huko nje na ufukweni yanafika maji ya kuogea watoto. Ghuba ya Malindi imekaa wazi, na kusi ikikolea katikati ya mwaka mawimbi yanaingia mpaka mchangani. Ni mawimbi ya upepo, mafupi, yanafuatana kwa karibu, hayana nguvu ya kumsukuma mtu mzito. Hayo yanataka lita kuliko hata Muizenberg. Nikamwambia binamu atulie, atafute wa sponji wa futi 8 na nusu au 9, lita zisiwe chini ya 95. Akasema mbao za namna hiyo kwao ni adimu. Kweli ni adimu. Lakini shule za kaiti, zile mbao zinazovutwa na tiara, na hoteli hubadilisha vifaa, na wageni wanaokuja kuishi miezi kadhaa huuza wakiondoka. Afadhali kusubiri msimu mmoja, akiwa anaazima, kuliko kumiliki kitu kitakachomfundisha kwamba hawezi.

Kwa walio nyumbani kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, kwa sababu likiharibika halirekebishiki. Mafundi wetu wa boti za faiba wana mikono ya dhahabu, wanaziba tundu la boti asubuhi na jioni boti liko majini. Ukiwa na ubao wa faiba uliotoboka, wataweza. Lakini kabla fundi hajamimina gundi, mjue ndani kuna povu gani. Gundi ya kawaida ya boti, ile ya poliesta inayonuka sana, inayeyusha povu jeupe la punje punje. Inalila kama tindikali, unabaki na shimo kubwa kuliko lililokuwapo. Povu hilo linataka gundi ya epoksi. Mbao zenye povu la poliurethani, ambalo lina chembe laini na kwa kawaida hugeuka njano zikizeeka, hazina tatizo na gundi ya boti. Ukishindwa kutambua, tumia epoksi. Haiyeyushi povu lolote kati ya hayo mawili. Na kama ni wa sponji, usiuache juani umelala mgongo wazi. Jua la Malindi saa saba mchana linaivimbisha ngozi ya ubao, na ikishavimba imebanduka. Utie kivulini, umwagie maji baridi ya bomba, uukaushe.

Turudi huku baridini. Maji ya False Bay wakati wa baridi hushuka mpaka nyuzi 14 hivi, na wakati wa kiangazi yanaweza kufika 20 na kitu. Kwa mtu wa Tanga, hata hizo 20 ni barafu. Suti ya mpira yenye milimita 4 kifuani na 3 mikononi na miguuni ndiyo inayoniwezesha kukaa majini saa nzima. Nawaambia wazi akina dada wa Kiislamu wanaoniuliza kwa siri: suti inakufunika kutoka shingoni mpaka vifundoni, juu yake navaa fulana ndefu iliyolegea, na kichwani kofia ya mpira inayofungwa chini ya kidevu, ambayo hata wanaume huvaa wakati wa baridi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali pale majini. Misuko inakaa salama ndani ya kofia. Na kofia inazuia lile maumivu ya masikio na paji la uso ambayo huwafukuza wengi kabla ya wakati.

Kuna bendera vilevile, na naomba uzijue kabla hujalowa. Juu ya mlima, kando ya barabara ya Boyes Drive, wanakaa watazamaji wa Shark Spotters, mpango wa kuangalia papa ulioanza mwaka 2004. Bendera ya kijani maana yake wanaona vizuri ndani ya maji. Nyeusi, hawaoni vizuri. Nyekundu, wako kwenye tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa pamoja na king'ora, toka majini mara moja. Naitazama kabla sijatua kata.

Sitaki mtu adharau kulala kifudifudi. Wiki za kwanza zote, lala tu, panda povu, jifunze ubao unataka kifua chako kiwe wapi: kikiwa mbele sana pua inazama, kikiwa nyuma sana ubao unaburuta mkia. Vidole vya miguu vikigusa mkia kidogo, umekaribia. Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, alikuja Muizenberg mwaka 1922 na mumewe wakapanda mawimbi hivyohivyo, wamelalia mbao nyembamba, na alipenda sana. Nyuma zaidi, katika miaka ya 1640, Mjerumani Michael Hemmersam aliandika kwamba kwenye pwani ambayo leo ni Ghana wazazi waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini ili wajifunze. Nilipolisoma hilo nikaliona dumu tupu la lita 20 tulilofungiwa sisi Raskazone, kule kwetu Tanga, kamba kiunoni, kaka zetu wakipiga kelele tupige miguu.

Na Muizenberg hii ninayoisifu, isingekuwa yangu miaka michache tu kabla sijazaliwa. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenga huduma za umma, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, iliwapa serikali ya makaburu uwezo wa kugawa hata mchanga na maji, na fukwe nzuri zilitengwa kwa ajili ya wazungu. Zilifunguliwa kwa wote mwaka 1989, sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1990. Wazee wa Wynberg wananisimulia walikopelekwa kuogelea wakiwa watoto, mbali, kwenye upepo na mawe. Wengine hawajawahi kuingia maji ya Surfers' Corner mpaka leo, ingawa treni inafika mlangoni. Kwa hiyo mtu mweusi akinijia na ubao usiomfaa, akashindwa, akaondoka, silichukulii kama jambo la mchezo tu. Kwa sababu hiyohiyo nalipenda shirika la Waves for Change, lililoanzia hapahapa Cape Town, linalowaingiza majini watoto waliopitia mazito kama sehemu ya kuwatibu. Watoto hao wanaanza na mbao za sponji zinazowabeba. Hakuna anayewapima ushujaa.

Jirani yangu ni Mkongo wa Bukavu. Kiswahili chake na changu havifanani sana lakini tunaelewana mpaka kwenye mapishi. Binti yake ana miaka tisa, kilo 29, na Jumamosi tunakwenda naye. Kwenye ubao wangu wa futi 8 anasimama vizuri sana, anacheka njia nzima, lakini hawezi kuugeuza wala kuubeba, na upepo ukivuma nabaki nimeushikilia mimi. Ile sehemu ya tano inafanya kazi kwake vilevile: 29 na kidogo, kama lita 35, isizidi 45. Wa sponji, futi 5 na nusu mpaka 6, mapezi laini, kamba nitanunua mwenyewe. Kama unakaa popote kwenye reli kati ya mjini na Simon's Town, na mwanao amekua, ubao wake umelala gereji, naomba uniambie. Bei tutaelewana. Nitakuja kuupima.